Panya Niliowaombea

Nimemwomba Mungu mambo mengi katika maisha yangu, na mengi amenipa, mengine hata kabla sijamaliza kuomba. Lakini panya nimewaombea mara moja tu, miaka ya sabini, nilipokuwa kijana ninayetaka kuoa. Niliwaombea afya njema na maisha marefu. Wajukuu wakinisikia nikisema hivyo hucheka, na mama yao huwaambia babu anatania. Sitanii. Tena mtu aliyekuwa akiwaombea panya walewale waugue alikaa nami benchi moja, tukinywa chai ya birika moja.

Wakati huo nilikuwa msaidizi wa bwana mifugo katika kijiji kimoja cha bonde la Usangu. Nilikuwa nimesomeshwa na mapadre Tosamaganga, nikaijua katekisimu kwanza na hesabu baadaye, kisha serikali ikanifundisha kuchanja ng'ombe na kusimamia josho. Mchumba wangu alikuwa wa Igowole, kule juu Mufindi kwenye baridi, ambako ukitaja Usangu watu hujikuna shingo kana kwamba mbu wetu wameshafika. Baba yake alikuwa mwalimu wa dini, mzee mrefu mwenye koti zito alilolivaa hata jua likiwaka. Alikuwa amekubali posa yangu kwa shida, tena kwa sharti: ng'ombe wa mahari wafike uwanjani kwake kabla ya Kwaresima. Kwaresima hakufungwi ndoa, na alikwishamwambia mshenga wangu waziwazi kwamba baada ya Pasaka atamsikiliza mtu mwingine, mwenye duka Mafinga, aliyekuwa ameanza kuulizia habari za binti.

Ng'ombe nilikuwa nao. Wengine walitoka kwa baba, wengine kwa mjomba, mmoja nilimnunua mwenyewe. Kwa kuogopa wezi niliwaweka katika zizi la parokia, lenye boma imara la miiba. Mle ndani alikuwemo pia ng'ombe mmoja wa sadaka, jike mwekundu aliyetolewa na ukoo mmoja siku ya shukrani ya mavuno. Nilihesabu hiyo ni baraka, mali yangu kulala pamoja na mali ya Bwana.

Kabla ya Noeli wachunga ng'ombe kadhaa wa kijiji chetu wakapatwa na homa ya ajabu. Iliwavunja viungo, ikawapa macho mekundu, kisha ikawaachia wenyewe bila dawa. Habari zikafika Mbeya, na kutoka Mbeya ikaja taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji kwamba daktari wa maabara ya mifugo angekuja kuangalia kupe.

Sasa ni lazima mtu akumbuke miaka ile ilivyokuwa. Mgeni wa serikali alikuja kukagua. Alikagua vyoo, alikagua mashamba ya mahindi, alikagua kama kila nyumba ina kichanja cha vyombo. Mwenyekiti aliposikia kwamba safari hii wanakuja kuangalia kupe, aliita mkutano akasema, "Ndugu wananchi, tusiaibishwe!" Kijiji kizima kikaingia kazini. Ng'ombe waliogeshwa katika josho, wakarudishwa tena kesho yake. Akina mama walikaa nyuani wakiwatoa kupe kwa vidole na kuwatupa motoni. Mzee mmoja alimpaka dume lake mafuta ya karanga mpaka likang'aa kama kiatu cha askari. Nami niliyasimamia hayo yote kwa moyo wa kizalendo, maana hata mimi nilidhani ni ukaguzi.

Daktari akaja na gari la serikali na sanduku la vichupa. Alikuwa mtu wa Tanga, mfupi, mcheshi, Mwislamu mwenye kuswali sala zake kwa wakati. Akainua mkia wa kwanza, akachungulia. Akainua wa pili. Akapekua masikio, akapekua makwapa, akapiga magoti chini ya viwele. Mwishoni akasimama katikati ya zizi la mwenyekiti na jasho likimtiririka.

"Kijiji hiki hakina kupe?"

"Hata mmoja, mheshimiwa!" akasema mwenyekiti, na watu wakapiga makofi.

Daktari akaketi palepale kwenye majani kama mtu aliyepokea habari za msiba. "Jamani," akasema, "nimetoka Mbeya kwa ajili ya kupe."

"Nasi tumewaondoa kwa ajili yako," akajibu mwenyekiti, naye sasa ameanza kuumia. "Ungetuambia unawapenda, tungekuwekea."

Hapo akatokea mama mmoja wa kwaya, akanong'ona, "Na yule wa sadaka je?"

Tukatazamana. Ng'ombe wa sadaka hakuwa na mwenyewe. Wazee wa kanisa walidhani mimi nimemwogesha, mimi nilidhani katekista, katekista alidhani ukoo uliomtoa, na ukoo uliomtoa ulisema ukishamtoa umemtoa. Nikampeleka daktari zizini. Masikio ya yule ng'ombe yalikuwa kama mahindi yaliyokomaa, kupe wamejipanga mistari kwa mistari, na chini ya mkia walikuwepo wale wakubwa wenye madoadoa, wamenona kama zabibu. Daktari alipiga kelele ya furaha mpaka ng'ombe akaruka.

"Tulia, bibi harusi wangu," akamwambia ng'ombe. Akawatoa mmoja mmoja kwa koleo ndogo, taratibu, wasikatike vichwa, akawaweka hai katika vichupa vyenye pamba iliyolowa maji. Alinieleza kwamba anachokitafuta humo ndani hakikai salama katika kupe aliyekufa na kukauka. Mimi nilimshika mkia ng'ombe, nimejaa fahari. Sikufikiri hata kidogo kutazama ni ng'ombe gani wengine waliosimama ubavuni pake, wakicheua.

Baada ya Epifania daktari akarudi. Aliteremka garini akitabasamu kama mtu aliyepata mapacha.

"Panya wameugua!" akasema.

"Pole sana," nikamjibu.

"Pole ya nini? Hongera, sema hongera!"

Akanieleza. Wale kupe alikuwa amewasaga katika kinu kidogo cha kaure kama mtu anayesaga pilipili, akayachuja maji yake kwa chujio jembamba ambalo bakteria hawapiti, kisha akawachoma sindano vipanya vichanga, waliozaliwa siku chache tu. Wakalegea, wakatetemeka, wakaacha kunyonya. Kilichopita kwenye lile chujio na kuwaangusha panya kilikuwa kirusi. "Na huenda," akasema akishusha sauti, "huenda ni kirusi ambacho hakuna binadamu aliyekijua kabla."

"Mungu asifiwe," nikasema, maana ndivyo ninavyosema.

"Kwa hiyo," akaendelea, "zizi hili lipo chini ya karantini. Hakuna ng'ombe atakayetoka humu mpaka tujue kama kinawadhuru ng'ombe."

"Yaani yule wa sadaka."

"Yaani wote waliolala naye."

Nikawatazama ng'ombe wangu. Nao wakanitazama. Nadhani yule niliyemnunua mwenyewe ndiye aliyenitazama kwa masikitiko zaidi.

Nilimweleza daktari habari zote, binti, baba yake, Kwaresima, mwenye duka wa Mafinga. Alisikitika kweli, lakini hakulegea. Nami ndani ya moyo nilimheshimu kwa hilo, ingawa heshima hiyo ilichelewa kidogo kufika. Akaniambia, "Bwana mifugo, njoo Mbeya unisaidie. Mikono ikiwa minne, kazi itaisha upesi." Mkuu wangu akaniruhusu.

Maabara yenyewe ilikuwa vyumba viwili na ua, nje kidogo ya mji, na kutoka pale tulisikia treni za reli mpya zikipanda kuelekea Zambia. Chumba kimoja kilikuwa cha jokofu na vichupa. Kingine kilikuwa cha panya, waliolala katika makopo yenye nyasi kavu, mama na watoto wake, wekundu, wasio na manyoya, kila mmoja kama kidole changu cha mwisho. Daktari alisema kuugua kwa wale wa kwanza huenda kulikuwa bahati mbaya tu. Ni lazima arudie, kutoka kwa kupe walewale aliowahifadhi kwenye baridi, kwa panya wapya. Wakiugua tena vilevile, kirusi kipo. Wakibaki wazima, basi mara ya kwanza lilikuwa jambo jingine, naye ataifungua karantini siku hiyohiyo.

Sasa umeelewa kwa nini niliwaombea.

Kila asubuhi, baada ya rozari, nilisimama mbele ya lile kopo nikasema kwa unyenyekevu, "Ee Bwana, uliyewaumba hawa wadogo, wape nguvu, wanyonye, wakue." Daktari naye alitoka kuswali, akaja na kikombe chake, akaketi benchini.

"Unawaombeaje?" akaniuliza siku ya pili.

Sikutaka kusema uongo. "Wapone."

"Hawajaugua bado!"

"Basi wasiugue."

Akaweka kikombe chini. "Ndugu yangu, mimi nimeomba waugue. Tena nimeomba mapema kuliko wewe."

"Mungu hatazami nani amewahi."

"Sawa. Lakini nawe fikiri. Sisi wawili tunamsumbua Mungu mmoja kwa panya walewale, kila mmoja anavuta kwake. Tutawachana hawa viumbe!" Tukacheka mpaka mama panya akawafunika watoto wake kwa nyasi.

Panya wakaugua. Walilegea vilevile, wakatetemeka vilevile. Daktari alikuja kunishika bega, na kwa heshima yangu alijizuia kufurahi mpaka nilipotoka nje. Nilimsikia akishangilia kupitia ukuta.

Yakabaki majaribio mawili. La kwanza alinieleza hivi. Mnyama aliyewahi kuugua virusi fulani hubaki na kinga katika damu yake, na ile damu hukijua kile kirusi siku zote. Yeye alikuwa na vichupa vya majimaji ya damu ya namna hiyo, alivyoletewa kutoka maabara kubwa, kila kimoja kwa ugonjwa wake. Angekichanganya kirusi chetu na kila kichupa, aone kama kuna kitakachokizuia. "Ni kama kumpeleka mgeni kwa wazee wa kila ukoo," akasema. "Mnamjua huyu? Hapana. Na ninyi? Hapana. Ikiwa wote hawamjui, basi ni mgeni kweli."

"Ndivyo nilivyofanyiwa Igowole," nikamwambia.

Jaribio la pili lilikuwa la ndama. Tulimchukua ndama mzima kutoka shamba la pale pale, tukamchoma kile kirusi, akae uani, apimwe joto asubuhi na jioni mpaka daktari aridhike. Ndama akipata homa, zizi langu litabaki limefungwa hata Pasaka ipite. Asipopata, ng'ombe wataogeshwa na kupewa kibali.

Hapo ndipo baba mkwe alipotokea.

Mshenga alikuwa amempelekea habari, na kwa jinsi alivyozieleza, mzee aliona ni hadithi ya kijana asiye na ng'ombe. Alipanda basi hadi Mbeya na koti lake na fimbo yake. Nilipomwona getini nilipiga magoti palepale kwenye matope.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Nimekuja kumwona huyo mdudu."

Daktari akamkaribisha kiti. "Mzee, haonekani."

"Leta darubini. Shule yetu inayo, najua kuitumia."

"Hata kwa darubini ya hapa haonekani. Ni mdogo mno."

Mzee akaegemea fimbo yake. "Unaniambia kuna kitu kisichoonekana kwa jicho, wala kwa darubini, lakini kipo, nacho kinamzuia binti yangu kuolewa?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mtu mzima aliyesoma anaamini hivyo?"

Mimi nilikuwa natazama chini, maana kwetu mchumba habishani na baba wa binti. Lakini daktari hakuwa akichumbia kwa mtu. "Nasikia wewe ni mwalimu wa dini," akasema kwa upole. "Watoto unawafundisha vinavyoonekana tu?"

Treni ikapita. Mzee alikuna ndevu.

"Hilo ni jibu la ujanja."

"Ni jibu la Tanga, mzee wangu."

"Nitakaa hapa nimtazame huyo ndama mwenyewe," akasema baba mkwe. "Akiugua, nitajua ninyi si waongo. Asipougua, nitajua vilevile." Akaenda kufikia kwa jamaa yake mjini, na kila siku alikuwa uani kabla yetu.

Mateso yangu yakawa mapya. Sikuweza kula mbele yake, kwa hiyo nilikula nimesimama katika chumba cha panya. Sikuweza kumpita mbele, kwa hiyo nikitaka kwenda jokofuni nilizunguka jengo zima. Daktari, aliyeziona taabu hizo, alimpa mzee kazi ya kumpima ndama joto ili mimi nipumue. Sijui kama kuna atakayeniamini, lakini nimemwona mwalimu wa dini wa Igowole, amevaa miwani, amekunja mikono ya koti, akikitoa kile kipimo mahali kinapowekwa, akakipangusa, akakiinua kwenye mwanga na kukisoma kwa sauti kama anavyosoma waraka Jumapili. "Joto lake ni zuri," alitangaza. Alikaribia kuongeza, "Neno la Bwana."

Siku ya tatu nikamkuta amemkatia ndama majani laini ng'ambo ya barabara. Siku iliyofuata mvua ya Mbeya ilinyesha na baridi yake, nasi tukaona ndama amesimama uani amevaa koti.

"Mzee!" daktari akalia. "Unaliharibu jaribio! Koti halimo kwenye jaribio!"

"Baridi nayo haimo," akajibu baba mkwe, shati lake limelowa. "Ulimchoma mdudu. Hukusema utamchoma na baridi."

Daktari akanigeukia mimi kutafuta msaada. Nikatazama chini.

Jumatano ya Majivu ilikuwa inakaribia. Nilikuwa nimeacha kuhesabu, nikawa namwambia Mungu tu kwamba mapenzi yake yatimizwe, nikisema hivyo kwa mdomo huku moyo ukiongeza maelezo. Asubuhi moja niliwahi. Nikapita nyuma ya banda, nikasikia sauti upande wa pili wa mabanzi. Alikuwa baba mkwe akiomba, kwa Kihehe, lugha anayoitumia mtu akitaka asikilizwe. Alimwombea ndama huyu asipate homa. Halafu akasema, "Na kijana yule ambaye ng'ombe wake wamefungwa, ambaye hajaniambia uongo hata mara moja ingawa ungemsaidia, umfungulie."

Nilisimama pale na ndoo mkononi. Nilikuwa nimedhani yeye ndiye ukuta, kumbe muda wote alikuwa anasukuma kutoka upande ule ule wangu. Nikazunguka jengo zima kwa upande mwingine, nikaja na mlio wa ndoo ili anisikie.

Ndama hakuugua. Joto lake halikupanda hata kidogo, na kwa majani aliyolishwa alikuwa amenenepa. Katika siku zilezile daktari alimaliza vichupa vyake. Alitoka chumbani amebeba kile cha mwisho kwa mikono miwili.

"Hakuna mzee anayemjua," akasema kwa sauti ndogo. "Wote wamesema hapana. Ni mpya."

"Hana ukoo kabisa?" akauliza baba mkwe.

"Labda ana jamaa wa mbali. Maabara kubwa wataendelea kutafuta."

"Basi msimruhusu kuoa mpaka wajulikane."

Alilisema hilo bila kucheka, akinitazama mimi, kisha mabega yake yakaanza kutikisika ndani ya lile koti lenye harufu ya ndama. Ndipo nikajua nimepata mke.

Kirusi chenyewe, walivyokuja kuthibitisha, kinawapa watu homa ya siku chache, nacho hakiwadhuru ng'ombe. Baadaye walikipa jina la kijito kinachopita nyuma ya parokia yetu. Daktari alisema ndiyo desturi yao, kuviita virusi kwa jina la mahali. Mwenyekiti wa kijiji alilalamika kwamba heshima hiyo ilipaswa kuwa ya kijiji, halafu alipoelezwa vizuri ni kitu gani, akalalamika kwamba kijito kiko karibu mno.

Tuliwaogesha ng'ombe, wa sadaka akiwa wa kwanza, na safari hii katekista, mimi na ukoo uliomtoa tulisimama wote joshoni kuhakikisha. Nikapewa kibali. Lori lilitufikisha Mafinga, tukapita mbele ya duka la yule bwana wa Pasaka, ambaye sikumtazama sana, kisha tukaswaga ng'ombe kwa miguu katika ukungu hadi Igowole. Tulifika uwanjani kwa baba mkwe Jumamosi kabla ya Kwaresima, wazee wameketi kwenye viti, akina mama wakipiga vigelegele.

Baba mkwe akanyanyuka. Hakuja kwangu. Alimwendea ng'ombe wa kwanza, akavaa miwani, akapekua masikio. Akamwendea wa pili, akapekua makwapa. Vigelegele vikapungua, watu wakashangaa mzee anatafuta nini. Kwa yule niliyemnunua mwenyewe akainua mkia, akainama, akakaa hapo muda mrefu. Kupe mmoja alikuwa amepona josho.

Mzee akamtoa taratibu kwa kucha mbili, asikatike kichwa. Akafungua kikopo chake cha ugoro, akaumwaga ugoro wote chini mbele ya wazee wenzake, jambo ambalo hawajawahi kulisahau. Akang'oa jani bichi lenye umande, akamweka kupe juu yake, akafunga kifuniko kwa upole, akakitoboa kwa sindano aliyokuwa ameichomeka kwenye koti.

"Ndoa kesho," akaniambia, akinikabidhi kile kikopo mbele ya watu wote. "Jumatatu unampelekea daktari kupe huyu. Akiwa hai, unasikia? Akiwa mfu hana habari."

Ndivyo ilivyokuwa safari yangu ya kwanza na mke wangu. Tulikwenda Mbeya kwa basi, yeye amekipakata kikopo mapajani katika leso, na kila tulipofika kituo alikifungua kidogo, akachungulia, akaniambia, "Bado anatembea."